Bampa la Nondo, Oili Chafu na Mguu Wangu wa Kulia

Aliye na chapati mkononi amalize kwanza. Nasema mapema, maana haya ninayokuja kusema hayaendi na chakula, na sitapunguza hata neno moja. Mchungaji ameniomba niwasimulie ninyi waendesha boda wenzangu wa Chapwa jinsi nilivyopona mguu. Nitasimulia. Ila msinipigie makofi, kwa sababu sehemu kubwa ya habari hii ni uchafu, na uchafu wenyewe niliutengeneza mwenyewe.

Wazazi wangu ni wakulima wa kahawa kule Ihanda. Nilishuka Tunduma kutafuta maisha, nikapata pikipiki, nikaoa, tukamzaa Eliza. Kazi yangu ilikuwa kama yenu, kuwapitisha abiria kwenye ule msururu wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Pale hakuna mwendo. Ni gia ya kwanza, kulia magurudumu ya lori, kushoto mtaro, na mtu wa miguu anakupita akiwa anaongea na simu. Ndiyo maana sikuwahi kuiogopa barabara ile. Nilidhani wanaoumia ni wale wanaokimbia.

Pikipiki yangu ilikuja na bampa lake la dukani, lile bomba lililopinda mbele ya injini, limefungwa kwenye fremu kwa nati. Nikaliona dogo, la kitoto. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia alitoe, anitengenezee la nondo, pana, lenye vyuma viwili vya kuegemezea miguu na nafasi ya kufungia viroba vya watu. Mtindo wenyewe mnaujua, nusu yenu mmeegesha pikipiki za hivyo hapo nje sasa hivi. Fundi akalibandika kwa moto tu, doa huku, doa kule, hakuna nati hata moja. Kuanzia siku hiyo nikawa naendesha miguu iko juu kwa mbele kama nimekaa sebuleni kwangu. Nilijiona mwanaume kweli kweli. Mh! Nikikumbuka najisikia kinyaa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mvua. Abiria wangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, amepakata ndoo ya kapenta, wale dagaa wakavu wa kwao. Tukaingia katikati ya malori. Matope ya pale mnayajua. Si matope ya shambani. Yana dizeli, yana maganda ya ndizi, yana mkojo, maana madereva wanalala ndani ya malori siku kadhaa na hawana pa kwenda, basi wanajaza chupa na kuzitupa, na magari yanazipasua. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya nondo. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, na mguu uko sebuleni.

Gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo lililojaa maji. Pikipiki ikainama upande wa kulia, taratibu kabisa. Mtu yeyote angeshusha mguu chini, akasimama, akatukana, akaendelea. Mimi nilijaribu kuushusha, ukakwama kati ya nondo na injini. Tukalala. Pikipiki ilipogusa chini, ile nondo ikakatika pale pale fundi alipoichomelea, na ncha yake ikaingia kwenye nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti. Niliisikia ikiingia. Juu yake likaja bomba la moshi, na ngozi yangu ikalia chwaa! Harufu ilikuwa ya nyama ya kuchoma, na nyama yenyewe ni mimi.

Yule mama hakuumia, alirukia pembeni, kapenta wake wakamwagika wote kwenye yale matope. Aliutazama mguu wangu akapiga kelele, "Mayo! Iwe, mguu wako umetoboka! Twende hospitali!" Mimi nikamjibu vibaya. Nikamwambia aokote dagaa wake aniache. Mnajua kwa nini? Kwa sababu vijana wa kijiweni walikuwa wamefika na walikuwa wanacheka. "Ameilaza! Ameilaza akiwa amesimama!" Ningegongwa na lori ningekwenda hospitali kifua mbele. Lakini niende nikamwambie daktari kwamba nimeanguka kwa mwendo wa kuku? Hapana. Niliona aibu, na aibu ile nusura inikate mguu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Nikachechemea hadi gereji ya karibu, nikachukua oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu, nyeusi ti, nikaimimina kwenye lile tundu. Msinitolee macho. Mnafanya wote. Tunasema oili inakausha, inafukuza nzi. Mimi ndiye niliyekuwa nawapaka wageni wa kijiweni, nawaambia wavumilie wawe wanaume. Hakuna aliyenifundisha vingine na sikuuliza. Nikafunga kwa kitambaa cha kufutia pikipiki, nikashusha mguu wa suruali, nikarudi kazini.

Nyumbani nikamwambia mke wangu nimechubuka. Siku ya tatu mguu ukavimba hadi kiatu kikagoma kuingia. Siku ya tano nikaanza homa, natetemeka chini ya blanketi mbili. Kila jioni nilijifungia chooni nikaongeza oili. Harufu ikaanza. Nyie, sijui niieleze vipi. Ile harufu ya panya aliyefia darini, ila huyu panya unatembea naye, unalala naye. Abiria wakipanda wanageuza shingo. Mwanangu Eliza, wa miaka minne, akaacha kuja kitandani kwetu. Alisimama mlangoni ameziba pua akamwuliza mama yake, "Baba ameoza?"

Mke wangu hakusubiri tena. Siku ya tisa aliniambia, "Baba Eliza, vua suruali sasa hivi au niite majirani wakuvue." Nikavua. Kile kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Akakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akakivuta polepole, kikatoka na kipande cha mimi. Ndani kulikuwa na usaha wa kijani uliochanganyika na oili, na humo ndani ya huo uji kuna vitu vyeupe vinacheza. Funza. Kwenye mguu wangu, mtu mzima, mbatizwa, mwenye mke na mtoto. Mke wangu alitoka nje akatapika, akanawa, akarudi, akanibeba hadi hospitali.

Hospitalini daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Akafuta kidonda kwa pamba, pamba ikawa nyeusi. Akainusa.

"Umeweka nini humu?"

"Dawa ya kienyeji, daktari."

"Baba, mimi nina pikipiki. Hii ni oili ya injini."

Mke wangu alinitazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga gizani. Daktari hakupandisha sauti. Alisema nyama imekufa, na sumu inapanda. Alisema nitachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa kupitia mshipani, kisha wataniingiza chumba cha upasuaji wakate yote iliyokufa. Wakikuta imeshafika kwenye mfupa, hawataniamsha kuniuliza. Watakata mguu juu ya goti. Akanipa karatasi niweke sahihi.

Nikakataa. Ndiyo, na funza wangu, nikakataa. Nikasema boda haiendeshwi kwa mguu mmoja, bora nife mzima. Mke wangu akapiga simu Ihanda, na kabla ya saa nane mchana mama yangu alikuwa ameshafika, gambuti zake zina udongo wa shambani. Hakunisalimia. Akafunua shuka, akaangalia, akafunika mdomo kwa kanga.

"Mwanangu, unanuka."

"Mama, wanataka kunikata mguu."

"Wakate. Mimi nilizaa mtu, sikuzaa mguu. Weka sahihi."

Nikaweka. Sahihi ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Nilipokuwa nasukumwa kwenda ndani niliuangalia ule mguu kwa mara ya mwisho, kama nilivyodhani, na nitasema ukweli wangu hapa kanisani: nilikuwa nauchukia. Niliuonea kinyaa. Kisha nikaogopa nikaanza kulia, kwa sababu mbaya au mzuri ulikuwa wangu.

Nilipozinduka nilipeleka mkono chini kabla sijafungua macho. Goti lipo. Nikashuka. Bandeji. Nikashuka tena. Vidole! Vyote vitano, vimevimba kama viazi, lakini vipo. Nililia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia nimwache alale. Daktari alikuja akasema uozo ulikuwa umebakiza kidogo sana kufika kwenye mfupa. Siku mbili zaidi, alisema, tusingekuwa tunaongea habari ya mguu, tungekuwa tunaongea habari ya jeneza.

Msidhani iliisha hapo. Kila siku kidonda kilisafishwa, na shimo lilikuwa la kuingiza yai. Nililazimishwa kuliangalia. Muuguzi alisema, "Tazama, ndiyo kazi yako hiyo." Baadaye wakanichuna ngozi ya paja wakaibandika pale kama kiraka cha tyubu. Paja likauma kuliko kidonda. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta, nikavuja jasho kwa kwenda chooni tu. Miezi minne. Mke wangu akauza maandazi, mama akaacha shamba lake wakati wa kuchuma kahawa.

Nikamwuliza daktari, si bampa ndilo lililoniponza? Basi niwaambie wenzangu wote wayang'oe? Akacheka kidogo. Akasema, "Bampa halina kosa. Kazi yake ni kupokea uzito pikipiki ikilala, mguu wako ubaki na nafasi. Wewe ulilitoa bampa, ukaweka stuli." Akaniambia pia nisidanganyike, lori likinigonga hakuna chuma cha mbele ya injini kitakachoniokoa. Lakini kule kulala kwa mwendo wa kuku, ambako ndiko kuanguka kwetu kwa kila siku, lile la dukani lililokazwa vizuri kwenye fremu linasaidia sana, mradi miguu iko mahali pake.

Basi ninawaambia, tokeni hapa mkayatazame mabampa yenu. Lile la kuchomelewa doa doa, ling'oeni. Ni mkuki umeuelekeza kwenye nyama yako. La nati, kazeni nati. Viroba vya watu vifungwe nyuma. Na miguu, jamani, miguu ishuke huko juu! Mkipita mbele yangu mmeinyanyua hivyo, nageuza uso, si kwa dharau, ni kwa sababu najua inavyonuka mwishoni. Na yeyote nitakayemwona anamwaga oili kwenye kidonda cha mwenzake, nitamnyang'anya chupa nimwage kichwani mwake, Mungu ananisikia.

Ninamshukuru huyo Mungu aliyeniachia vidole vitano nisivyostahili. Ninamshukuru mke wangu, aliyetapika akarudi. Ninamshukuru mama. Namshukuru yule dada daktari, na wale wanaofagia wodi, ambao waliokota mabandeji yangu bila kukunja uso, kazi ambayo mimi mwenyewe nisingeiweza. Yule mama wa kapenta nimemtafuta sokoni mara nyingi nimwombe radhi. Sijampata bado.

Nimalizie. Mwezi uliopita nilianguka tena. Msicheke. Kwenye msururu ule ule wa malori, utelezi, gia ya kwanza, pikipiki ikalala upande wa kulia. Lakini nilikuwa na bampa la dukani, na miguu ilikuwa kwenye vikanyagio. Bomba likagusa chini, likashikilia, likachubuka rangi. Mguu wangu ukabaki katikati na nafasi yake, mzima. Nilichopata ni mchubuko kwenye kifundo, hautoshi hata kupigia kelele. Vijana wakaanza, "Ameilaza! Ameilaza tena!" Nikainua pikipiki. Nikakunja suruali mbele yao wote, wakaona na kovu na kiraka. Nikawaambia naenda zahanati. Wakacheka zaidi, mmoja akakaa chini kwa kucheka. "Mchubuko huo?" Nikasema ndiyo, huo huo.

Muuguzi aliuosha kwa maji safi na sabuni, akafunga bandeji nyeupe. Ilichukua dakika tano, nikarudi kazini.