Siku Niliyoitwa Kupe

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla sijawa mama wa mgonjwa. Ndivyo watu walivyoniita kijijini kwetu, juu kidogo ya Lushoto, katika miaka ile ya Ujamaa. Desturi ni mama kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi mtoto wa kwanza nilikuwa naye, tena anasoma. Lakini niliitwa mama wa mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa binti yangu wa pili. Alizaliwa mzima, mnene, mwenye sauti ya kuamsha majirani. Kabla hajaanza kusimama alishikwa na homa, na homa ikaleta degedege. Mvua zilikuwa zimekata barabara na basi halikupanda, kwa hiyo mume wangu, naye mwalimu, alimbeba kwa miguu mpaka hospitali ya misheni. Homa ilipoa. Shingo ya mtoto haikushika tena, na macho yake yakawa hayamfuati mtu. Daktari alituambia kwa upole kwamba hatatembea wala hatasema. Twende naye nyumbani tukamtunze.

Nikaacha kazi. Hatukubishana. Mama mkwe alikuwa haoni vizuri, na wifi zangu walikuwa wameolewa mbali, mmoja Magoma, mwingine Muheza. Nani mwingine angekaa naye?

Mchungaji alikuja kutuombea. Alipomaliza aliniambia, "Mwalimu, Mungu amekupa shule mpya yenye mwanafunzi mmoja."

Nililishika neno lile kama mtu anavyoshika tawi kwenye mteremko. Kila asubuhi nilipomkanda mtoto miguu kwa mafuta nilijiambia huu ndio wito wangu. Lakini mwanafunzi hujifunza. Binti yangu hakujifunza kitu. Nilimlisha uji mwepesi kijiko kwa kijiko, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko changu, na nikiharakisha tu anapaliwa. Kibakuli kikiisha jua limeshapanda, na nguo zake zimelowa tena. Msimu wa ukungu hazikukauka. Nilizianika juu ya mafiga, nyumba nzima ikanuka moshi na mkojo. Sabuni ilipoadimika dukani nilifua kwa maji ya majivu mpaka vidole vikachubuka. Jioni mume wangu alirudi na habari za shule, nani ameshinda, nani ametoroka. Akiniuliza za nyumbani nilisema njema, maana sikuwa na habari yoyote. Siku ilikuwa imepita na hakuna kitu ambacho ningeweza kumwonyesha.

Jumapili moja kanisani yalihubiriwa yale ya mke mwema wa Mithali. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ili mtoto akianza kukakamaa nitoke naye. Nikamsikiliza yule mwanamke anayeamka kabla hakujakucha, mwenye shamba na mizabibu, ambaye taa yake haizimiki. Nikawaza kwamba watoto wake wote lazima walikuwa na shingo imara. Wanawake wenzangu waliimba kwa furaha. Mimi nilijaribu kumwomba Mungu, nikakuta sina la kumwambia.

Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja la maharage kule bondeni. Siku za kazi chuma kiligongwa kuwaita watu, na kila mtu mzima alitakiwa kushuka. Mume wangu alikwenda baada ya vipindi. Mimi sikwenda. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti, ambaye watoto wake nilikuwa nimewafundisha kusoma, aliniita nisimame. Nilisimama, mtoto mgongoni.

"Ndugu, wenzako wanalima. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nalea, ndugu mwenyekiti."

"Hapa kila mwanamke analea. Nauliza kazi."

Akawageukia watu akasema kwamba anayekula jasho la wenzake tunamjua jina lake. Mtu mmoja akalitaja: kupe. Baadhi wakacheka, si kwa ubaya sana. Mume wangu alikuwa katibu wa mkutano. Aliinamia karatasi zake akaendelea kuandika.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema nini?" alijibu. "Wangesema namtetea mke wangu."

Chuma kilipogongwa tena nilishuka bondeni. Nilimlaza mtoto kwenye kanga mbili ukingoni mwa shamba, nikamfunika ya tatu, nikashika jembe. Ukungu haukuinuka siku ile. Nililima mstari mmoja, nikirudi kumwangalia, nikalima mwingine. Hakuna aliyenisema vibaya. Jirani yangu mmoja hata alinimalizia mstari. Nilipomwinua mtoto kurudi nyumbani, kanga zilikuwa mbichi kwa umande na kifua chake kinakoroma.

Kichomi kilimkaa. Hospitali walimpa sindano, akapata nafuu, akazidiwa tena. Alifariki mapajani kwangu asubuhi, mama mkwe akimshika mguu na kuuliza kama bado una joto.

Mwenyekiti alikuja na jembe lake, akachimba kaburi kwa mikono yake. Hakuweza kunitazama, na mimi sikuwa na nguvu za kumchukia. Wanawake walinishika mikono mmoja mmoja. "Pole, mama. Lakini sasa umepumzika." Wote walisema hivyo, na wote walinitakia mema. Hata mchungaji alisema Bwana ameniondolea mzigo. Nilitaka kuwaambia kwamba hakuwa mzigo, alikuwa mtoto. Lakini mangapi nimeyalalamikia moyoni?

Baada ya msiba mume wangu alisema shule ina upungufu wa walimu, ningeweza kurudi. Nikamwambia nitafikiri. Nilikaa jikoni, mikono mapajani, nikisubiri kitu kilie.

Mtu mmoja tu alikuja asiniambie nimepumzika. Alikuwa mjane wa mchungaji wa zamani, bibi mzee anayetembelea fimbo. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, akakaa kwenye kigoda. Nikamngojea afungue Biblia. Hakuifungua.

"Alikuwa akila vipi?" aliniuliza.

Nikamweleza. Akauliza alipendelea kulala ubavu gani, na nilijuaje ana maumivu, hali hasemi. Nikamwambia kwamba kidole gumba chake kiliingia ndani ya ngumi. Nikamwambia alivyotulia nikiimba, na kwamba aliujua wimbo mmoja, maana kwa ule tu alivuta pumzi ndefu. Sikuwahi kumwambia mtu hayo. Sikujua kama nayajua. Nilisema mpaka nikalia, nikasema tena.

"Bibi, ilikuwa kazi ya Mungu kweli?" nilimuuliza. "Mbona sikumwona hata siku moja?"

"Sijui, mwanangu. Mimi pia nilimzika mtoto wangu, nami Mungu sikumwona. Lakini mtoto huyu alijulikana. Kuna mtu alimjua mpaka kidole."

Sikufarijika. Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Bibi alipoondoka niliingia chumbani, nikapiga magoti kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sikuomba amani wala subira kama tulivyofundishwa. Nilimwomba Mungu anirudishie ile kazi ya uji, kijiko kwa kijiko.