Mtende Dume wa Mama

Sijawasamehe watu waliokata mtende dume wa mama, na sioni kwa nini niwasamehe sasa ati kwa kuwa wengi wao wamekwisha kufa.

Mama alikuwa na mitende minne nyuma ya nyumba yetu, Tabora mjini. Mitatu ilikuwa majike. Alikuwa ameitoa kwa babu, baba yake, ambaye alipoacha upagazi alipata kazi ya kutunza bustani ya Mwarabu mmoja kule Kwihara. Siku ya kuolewa mama aliomba machipukizi yanayoota shinani, akayafunga kwa gunia bichi na kuja nayo kwa mumewe. Shangazi zangu walikuwa wakisema hawajapata kumwona bibi harusi mwingine aliyeingia nyumbani na miiba. Mtende wa nne, ule dume, uliota wenyewe kutokana na kokwa iliyotupwa karibu na bafu, ukanawiri kuliko yote.

Sisi watoto hatukuruhusiwa kumwaga maji ovyo. Maji ya kuoga, ya kuoshea vyombo, ya kusuuzia mtama, yote yalikwenda mitendeni, kwa sababu kiangazi cha Tabora hakina huruma. Majivu ya jikoni nayo yalikwenda huko huko. Mama mwenyewe ndiye aliyepanda juu, kamba ya ngozi kiunoni, kaniki imekazwa magotini, majirani wakisonya kwamba mwanamke mzima na mkatoliki anaparamia miti. Hakuwajali. Maua ya dume yalipopasua ganda lake, alikata vishada vyenye unga mweupe akavifunga katikati ya maua ya kila jike. Bila kazi hiyo, jike huzaa vitu vilivyosinyaa, visivyo na kokwa wala utamu. Tende zilipoanza kuiva alizivika magunia makuukuu, ndege na popo wasizimalize. Tulikula, tuligawa, na mapadri walipelekewa sahani yao.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya masista. Mji mzima ulikuwa ukipakwa chokaa, kwa kuwa mkubwa mmoja wa serikali ya Mwingereza kutoka Dar es Salaam alikuwa anakuja kwa treni. Asubuhi moja walikuja watu wenye mapanga na ngazi, wametumwa kutafuta makuti ya kupamba stesheni. Mama alikuwa shambani akivuna mtama. Nilimwambia msimamizi wao angoje, mwenye miti arudi.

"Usiogope, binti," alisema. "Tumeamriwa tusiguse inayozaa tende. Tunachukua huu usiozaa."

"Huo ndio dume lao," nikamwambia. "Huo ukifa, hii mingine haizai kitu."

Waliangua kicheko. Binti wa masista anawafundisha habari za madume. Kisha wakapanda. Kama wangekata makuti ya pembeni tu, mti ungepona. Lakini walitaka yale machanga ya katikati, yaliyosimama wima, wakakata kilele chote na maua ambayo yalikuwa bado ndani ya ganda. Mtende una kilele kimoja tu. Ukikikata hauchipui tena juu, umeuua.

Mama alirudi, akatua mzigo wake, akautazama ule mti ambao sasa ulikuwa gogo. Hakulia. Aliuliza walikwenda njia ipi, tukafuatana hadi stesheni.

Tulikuta tao kubwa limejengwa mlangoni, na kilele cha mtende wetu kimefungwa juu yake. Ganda la maua lilikuwa limepasuka kwa joto. Ule unga mweupe, ambao mama alikuwa akiukinga kwa kanga usipotee hata chembe, ulikuwa ukimwagika juu ya zulia jekundu, na mtu mmoja alikuwa akiufagia kwa hasira akiuita uchafu. Mama alimwomba askari amruhusu achukue vishada viwili vitatu. Askari alimwambia aondoke kabla hajasababisha balaa.

Jioni baba alisema, "Mama watoto, achana na jambo hili. Mimi nafanya kazi reli. Wakiulizana huyu ni mke wa nani, nitakula wapi?"

"Utakula mtama," mama alijibu. "Ndio niliokuwa navuna wakati wananikatia mti."

Mgeni alikuja, akapita chini ya tao, akaenda zake. Makuti yakateketezwa nyuma ya mabehewa. Ndipo mama akavaa kanga zake za kanisani, akanichukua, tukaenda kwa Mzungu aliyesimamia mambo ya mji. Alikuwa mgeni nchini, Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai tu, kwa hiyo kulikuwa na karani wa kumtafsiria, mtu wa parokia yetu, tuliyepokea naye komunyo kila Jumapili.

Mama alisimama, akasema taratibu, "Mwambie bwana kwamba watu wake wameingia nyumbani kwangu bila hodi, wakaua mti nilioulea kwa maji ya kuoga. Mwambie kama ni wezi wangefungwa. Nataka anieleze tofauti iko wapi."

Karani akamgeukia Mzungu, akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu amekuja kushukuru kwa heshima ya mti wake kutumika kumpokea mgeni, na anaomba mti mwingine kama bwana ataona vema.

Masista walikuwa wamenifundisha Kiingereza cha kutosha kuelewa. Nilisema, kwa Kiingereza, "Hakusema hivyo." Nikayarudia maneno ya mama yote, pamoja na lile la wezi.

Mzungu akamuuliza karani, si mimi, shule gani inayofundisha wasichana kudakia mazungumzo ya watu wazima. Hakuuliza lolote kuhusu mti. Njiani mama aliniuliza yule karani alikuwa amesemaje. Nilipomwambia, alisimama katikati ya barabara.

"Nimekuja kushukuru?" alisema. "Mimi?"

Jumapili iliyofuata karani alimnyooshea mama mkono wa amani nje ya kanisa, akamwambia, "Dada, nilikuwa nakukinga." Mama hakuupokea mkono ule. Alimwambia, "Siku nyingine nikinge kwa kunyamaza."

Baada ya wiki chache tarishi alileta miche miwili ya mikaratusi, akaiacha mlangoni na kusema ndiyo fidia. Mama hakuigusa. Ilikauka pale pale ndani ya makopo yake, nami nilifurahi kila nilipoipita.

Tangu hapo, kila msimu wa maua, mama alitembea hadi Kwihara kumwomba mjane wa yule Mwarabu vishada vya dume. Mjane alimpa kwa moyo mweupe, tena akamkaribisha kahawa, na tende tuliendelea kuzila. Lakini ilimuuma kuomba kitu alichokuwa nacho uani kwake. Alipanda kokwa mpya penye gogo, akangoja miaka hadi mti ulipochanua ndipo ajue ni dume au jike. Ulikuwa jike. Akapanda nyingine.