Hoteli ya Wadudu

Mmea wenyewe huku unaitwa bardane. Una majani mapana kama sinia, na matunda yenye vijindoano yanayong'ang'ania soksi kama kishonanguo cha kwetu, ila haya ni makubwa zaidi na yana kiburi zaidi. Katika bustani ya pamoja nyuma ya maghorofa yetu, hapa Evere, Ubelgiji, kila mtu aliung'oa wa kwake. Wangu niliuacha kwenye pembe ya kipande changu, karibu na uzio, na sikuuacha kwa uvivu kama walivyonisema.

Niliuacha kwa sababu ulikuwa na wapangaji. Mashina yalijaa vidukari weusi, na sisimizi wakiwachunga utadhani mbuzi. Vijinzi vyenye mabawa ya madoadoa vilitaga kwenye vichwa vya maua. Wakati wa baridi, ukipasua kichwa kilichokauka, ndani unaweza kukuta funza mweupe amejilalia, hana habari na theluji.

Kiangazi cha mwaka juzi wakaja viwavi: weusi, wenye miiba, kila mmoja amejishonea hema la nyuzi kwenye jani lake. Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Kwetu viwavi wakifika sokoni, akina mama wanapigana vikumbo, na mpaka leo mke wangu hununua waliokaushwa kule Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika hapa mjini, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Kwa hiyo kiwavi wa kuliwa namjua, na asiyeliwa namjua. Hawa hawaliwi. Ni watoto wa kipepeo wa rangi ya chungwa, na nilitaka jambo moja tu kutoka kwao: niwaone wakiruka.

Ndipo mwenyekiti wa bustani, mzee wa Kibelgiji aliyestaafu, akanijia na habari aliyoiita njema. Manispaa imetupatia hoteli ya wadudu. Kama hujawahi kuiona, ni kabati la mbao lililojazwa vipande vya mianzi, matofali yenye matundu na koni za misonobari, eti wadudu waje wapange humo. Na pahali pazuri pa kuisimamisha, akasema, ni pale penye magugu yako, maana panaonekana vizuri kutoka getini.

Nilidhani ananitania. Nikamwinamisha, nikamgeuzia jani.

"Monsieur, wadudu ndio hawa."

"Ah, oui," akasema, akiisukuma miwani juu ya pua. "Lakini hawa wanakula mimea."

Nikamuuliza alitaka wale nini, frites, zile chipsi zao? Hakucheka. Basi nikashusha sauti, nikaomba kistaarabu: niachie mpaka wawe vipepeo, halafu nitaukata mwenyewe mpaka mzizi. Alifikiri, akanipa mkono. "Bon. Tumekubaliana." Nilirudi nyumbani nikimsifu mbele ya mke wangu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ahadi ni deni, nilimwambia, na yule mzee anaonekana mtu wa kulipa.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa kwenye sherehe. Mke wangu alivaa kitenge chake kipya, akabeba sufuria iliyojaa beignets, maandazi ya kwetu. Tulipoingia getini kitu cha kwanza nilichokiona ni hoteli, imesimama palepale kwenye pembe yangu, inang'aa vanishi. Bardane ilikuwa imefyekwa na kutupwa kando ya shimo la mboji, majani yakisinyaa juani.

Mwenyekiti hakunitazama machoni. "Mgeni wetu hakuwa na siku nyingine," akasema. "Utanielewa." Kisha akasimama kando ya mama mmoja wa manispaa aliyevaa mkanda wa rangi za bendera, akatangaza kwamba leo wadudu wetu wamepata nyumba. Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi! Hatua chache kutoka kwao wadudu walikuwa wakifa kwa jua, na hakuna aliyegeuza hata shingo.

Mimi nilibaki nimesimama kama mti. Mke wangu hakusimama. Alizimimina beignets zote kwenye kitambaa cha meza, akaenda na sufuria tupu mpaka kwenye lile rundo, akapiga magoti na kitenge chake kipya.

"Papa, kuya!" aliniita kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi. "Ingine ingali muzima. Kule ku reli bardane iko mingi, tutaipeleka."

Nikaenda. Tukawa tunageuza jani baada ya jani na kuokota viwavi walio hai. Nyuma yetu mazungumzo yakapungua, mtu akacheka kidogo puani. Mwenyekiti akaja akainama karibu na sikio langu.

"Tafadhali, si mbele ya wageni. Mtawapika baadaye."

Yeye! Aliyewafyeka akiwa amenipa mkono wake! Yeye alipigiwa makofi, na sisi tunaowaokota ndio wa kuonewa haya. Na hata kama tungewala, kosa liko wapi? Anayekula kiwavi walau anashiba. Yeye aliwaua ili kabati lionekane kutoka getini.

Yule mama wa mkanda naye akasogea, ana tabasamu la kweli, sauti ya kusemesha watoto. Akataka kujua huwa tunawapikaje. Kwa vitunguu? Kwa nyanya?

Nilifungua mdomo, na yaliyokuwa humo si ya kuandikwa. Mke wangu akanivuta mkono wa shati. Kifaransa anakijua kunishinda, ila akikasirika hakizungumzi na mtu.

"Ubaambie hii bidudu si ya kula," akasema, huku akitandika jani juu ya sufuria. "Iko na njala."