Kioo cha Baba

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu sitaki masufuria yasuguliwe kwa majivu nyumbani kwangu. Juzi msichana anayenisaidia kazi aliishiwa sabuni, akachota majivu jikoni, akayalowesha. Harufu ile ilinifikia sebuleni, chachu na yenye chumvi kidogo, nikainuka na magoti yangu haya mabovu kwenda kumzuia. Alishangaa. Nikamwambia nina mafua, harufu inanikera. Nyinyi nitawaambia ukweli, maana nimechoka kukaa nao peke yangu.

Tulikaa Cheyo, Tabora, wakati wa Waingereza, miaka michache baada ya vita. Baba alikuwa mpiga sindano wa ng'ombe. Idara ya mifugo ilimpa pikipiki kubwa nyeusi, na kila wiki alishika ile njia ya zamani ya misafara, Nzega hadi Ziba, kuchanja ng'ombe wa Wasukuma na Wanyamwezi. Aliondoka Jumatatu akiwa mweusi kama sisi, akarudi Ijumaa akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mimi ndiye niliyemvua, na mara nyingi alilala kabla sijamaliza mguu wa pili.

Na alikuwa akikohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Kwetu kila mtu alijua sababu: upepo wa pikipiki. Mpanda pikipiki hupigwa na upepo kifuani mchana kutwa, upepo unaingia, haujui njia ya kutokea. Ndiyo maana Baba alivaa koti kinyume, vifungo mgongoni, na chini yake alikunja gunia. Pikipiki ilikuwa na kioo kifupi mbele, kimo cha sahani, ambacho kilikinga taa zaidi kuliko mtu. Mama alikichukia. Kila Ijumaa aliposikia kile kikohozi kikikata kona, alisema, "Baba Veronika, tafuta kioo cha maana. Kifua hakina spea."

Mwishowe Baba alimwendea Mzee Nasoro, mfanyabiashara wa mjini, mzee wa asili ya Kiomani aliyeuza kila kitu kuanzia nta hadi misumari. Mzee Nasoro aliagiza kioo Dar es Salaam. Kilikuja kwa treni, ndani ya sanduku la mbao lililojaa maranda, na Jumamosi moja asubuhi akakileta mwenyewe uani kwetu kwa mkokoteni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

Sijaona kitu kizuri vile. Kilikuwa kipana kama sinia la pilau, kirefu kutoka usukani hadi paji la uso la Baba, kimepinda kidogo, na kilikuwa safi hata kuku wetu alijigonga nacho. Kukifunga kulichukua siku nzima. Vibano vilivyokuja nacho vilikuwa vya usukani mwembamba kuliko wa Baba, kwa hiyo wakavipasha moto na kuvipanua. Halafu matundu hayakukutana. Mzee Nasoro akatoboa mengine kwa keekee ya mkono, polepole, huku akinong'ona bismillahi, na Baba akimimina maji ili kisipate moto kikapasuka. Wakakata vipande vya tyubu kuukuu, wakaviweka kati ya chuma na kioo, ndipo wakakaza nati. Baba alipumzika mara nyingi. Alikaza nati mbili, akaketi juu ya sanduku, akakohoa, akainuka tena.

Kazi ilipokwisha Baba alipanda, na uso wake wote ukaonekana nyuma ya kioo. Mzee Nasoro akapiga makofi.

"Wallahi, Bwana Petro, umekuwa bwana harusi ndani ya chandarua!"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu. Kabla ya kuondoka, Mzee Nasoro aliinua kidole. "Sikilizeni. Hiki si kioo cha dirishani, ni plastiki. Maji na kitambaa laini, basi." Nilimsikia vizuri. Msiseme sikusikia.

Ijumaa iliyofuata Baba alirudi kifua kikiwa kisafi na koti limevaliwa sawasawa. Lakini kioo kilikuwa kimetapakaa wadudu, mbung'o, nzige na wengine nisiowajua, wamekauka juu yake pamoja na vumbi. Nilimvua viatu, akalala pale pale kwenye mkeka. Nikaona nimwondolee kazi moja. Nilichukua maji na kitambaa laini kama nilivyosikia. Wadudu hawakutoka. Nikasugua tena, wakang'ang'ania tu.

Nilikuwa na miaka tisa, na hapa duniani nilijua ufundi mmoja. Mama alikuwa amenifundisha kusugua sufuria kwa majivu na mchanga laini kwa dodoki, mpaka ujione meno. Wanawake wa jirani walinisifu kwa hilo. Basi nilichota majivu, nikaongeza mchanga kidogo, nikasugua kile kioo kwa nguvu zangu zote, ndani na nje. Wadudu walitoka wote. Nikamwagia maji, kikang'aa kuliko siku ya kwanza. Niliketi nikisubiri Baba aamke anisifu.

Kisha jua likakikausha. Kilianza kuwa cheupe kutoka pembeni, kikaja mpaka katikati, kikabaki kama jicho la kipofu. Nikamwaga maji, kikarudi kuwa safi. Kikakauka, kikawa cheupe. Nilienda kisimani mara tatu.

Baba alinikuta na ndoo ya nne. Alipitisha kidole juu ya kioo, kisha akatazama kidole, kisha mikono yangu yenye majivu. Nilingoja kofi. Alichuchumaa, kwa shida, akaninawisha.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mayu," alisema. Aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Kinaonyesha vizuri tu. Kimepunguza jua."

Mama alipotoka akauliza kioo kimepatwa na nini, Baba alimjibu kwamba ni vumbi la Ziba, lina changarawe. Jumatatu aliondoka nacho, uso wake haukuonekana tena.

Alirudi kioo kikiwa kimefungwa nyuma kwa kamba. Kupita Nzega, jua la asubuhi lilipompiga usoni, weupe ule uliwaka wote, na nusura aingie katikati ya kundi la ng'ombe. Jumatatu ya baadaye alivaa koti kinyume, akakunja gunia. Kikohozi kikazidi. Masika ya mwaka uliofuata hakuweza tena kuiwasha pikipiki kwa mguu, na kabla mahindi hayajakomaa tukamzika. Matangani nilisikia wanawake wakiambiana, "Upepo umemmaliza." Nilikuwa nimebeba beseni la vikombe. Nilijua ni nani aliyeufungulia mlango ule upepo.

Nilikuwa muuguzi mzima, mwenye mume na mtoto, alipolazwa mzee mmoja wodini kwangu na kikohozi kile kile, kikavu, kisicho na kitu. Alikuwa hajawahi kupanda pikipiki. Alikuwa amechimba dhahabu ujanani. Daktari akanieleza kwamba vumbi la jiwe likishaingia kifuani halitoki, hukaa hata miaka kumi, kisha huua. Baba alichimba dhahabu karibu na Nzega kabla sijazaliwa.

Nilipanda gari la kwanza kwenda Tabora. Mama alikuwa uani akimenya karanga. Nilimsalimu, nikaketi, nikamweleza yote, majivu, mchanga, ndoo nne, na yale ya daktari.

"Wenzake wa mgodini walikuwa wamekwisha kufa wanne," Mama alisema. "Wote kwa kikohozi kile. Unadhani hakujua?"

"Sasa kioo kilikuwa cha nini?"

"Mimi nilikitaka. Mtu ukiketi hivi hivi unamtazama mwenzio akiisha, unachoka. Akakifunga kwa ajili yangu."

"Na wewe ulijua?"

Aliendelea kumenya. "Nilijua. Ila wewe sikujua kama umejibebesha lawama. Baba yako alijua. Aliniambia, huyu mtoto haniangalii usoni, nami sikuelewa kwa nini."

Nilikasirika, siwafichi. Nilimkasirikia marehemu kwa sauti, pale uani, mpaka jirani akachungulia. Neno moja tu lingenitosha, kwamba kioo hakikuwa na kazi. Mama aliniacha nimalize.

Ilinichukua miaka mingine kuliona jambo lenyewe. Ili aniambie kwamba kioo hakikuwa na kazi, ingembidi aniambie kwamba anakufa. Hakuweza kunitua mzigo mmoja bila kunitwika mwingine, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Akaniachia ule aliodhani ni mwepesi.