Kilo Tatu za Maji

Juzi nilikuwa kwenye ghala la mahindi huko Endasak, nikisubiri kupimiwa, alipoingia mzee mmoja bila gunia. Alivua koti, akavua viatu, akapanda kwenye mzani.

"Shikamoo, mzee," alisema mnunuzi.

"Marahaba. Soma."

"Umeongeza kilo tatu tangu Ijumaa."

"Hongera, baba," alisema mama mmoja aliyekalia magunia yake. "Ugonjwa umekuacha."

"Hayo ni maji, mama. Figo zimekataa kazi." Mzee alibonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likabaki.

Mnunuzi, ambaye kila siku anarudisha mahindi mabichi, ndiye aliyeelewa kwanza. "Ungekuwa mahindi ningekwambia ukaanikwe."

"Naanikwa kesho, kwenye mashine ya hospitali. Walisema nisizidishe kilo mbili. Hebu soma tena."

Mnunuzi alisoma tena. Tatu.

Yule mama alikuwa ameshammiminia mzee chai. Aliitazama, akageuka, akainywa mwenyewe.

Miaka yote tumeulalamikia mzani ule kwamba unatupunja. Mzee huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akishuka pale akisikitika kwamba haukumpunja.