Filimbi ya Mzee wa Reli

Baba yangu hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua, lakini mwaka niliotimiza miaka tisa alikohoa kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Nyamisangura. Alikohoa akifika getini, akakohoa akipita uani, akakohoa hata kabla ya kwenda kuoga. Alikuwa anampa bibi, mama yake mama yangu, nafasi ya kuingia chumbani na kufunga mlango. Kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawali pamoja, na kugongana uso kwa uso kwenye kona ya nyumba ni aibu kubwa. Heshima si utumwa, ndiyo, lakini kumwona fundi baiskeli mwenye mikono ya grisi na sauti nzito akijitangaza kwa kikohozi nyumbani kwake mwenyewe! Mimi na mama tulikuwa tunacheka hadi tunashika mbavu.

Bibi aliletwa kutoka Issenye kwa sababu ya mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na muuguzi alituambia madaktari wa macho wangefika hospitali baada ya wiki sita. Akiwakosa hao, huenda asione tena. Wiki sita kwa mkwe! Alipewa chumba cha nyuma, kilichopakana na sebule, na siku ya tatu tu akaanza kufunga kanga zake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Na jembe la kwa mkwe mimi sishiki. Nirudisheni kwangu na ukungu wangu." Mama alilia. Mimi niliogopa sana, maana nilijua akiondoka hatakubali kurudi.

Kilichombakiza ni televisheni. Antena yetu, iliyofungwa kwenye mti mrefu uani, ilikamata kituo cha Kenya, na kila Jumamosi jioni walirudia kichekesho cha zamani. Kilikuwa cha zamani hata wakati ule, rangi zimepauka, waigizaji wamevaa suruali pana chini. Kilimhusu mzee mstaafu wa reli aliyeendesha familia yake kama treni. Akipuliza filimbi watu wanakula, akipuliza tena wanaacha hata kama tonge liko mdomoni, na anayechelewa mlangoni anaulizwa tiketi. Binti yake alikuwa na mchumba dereva wa basi, na mzee hakutaka hata kumsikia. Jamani, nilikipenda kichekesho kile kupita kiasi! Niliizungusha antena huku mama akipiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Aah, umepitiliza, chenga tupu!" Kikiisha nakimbilia chumba cha nyuma kumwigizia bibi kwa Kikurya changu cha mjini kilichojaa matobo, na palipokuwa na chenga natunga mwenyewe. Jumamosi ile ya kwanza bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Haya," akasema, "nitasubiri nijue kama huyo binti ataolewa." Mama alizifungua kanga zake na kuzirudisha kwenye kamba.

Baba naye alikuwa mgonjwa wa kichekesho hicho. Jumamosi jioni haendi popote. Wiki ya pili aliisogeza televisheni hadi kwenye ukuta wa chumba cha bibi, akafungulia sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. "Baba Bhoke, utatutoboa masikio!" mama akalalamika. "Siku hizi sisikii vizuri," baba akajibu, bila kumtazama mtu. Mimi nilinuna, nikidhani ananinyang'anya kazi yangu. Mara filimbi ikalia, na nyuma ya ukuta tukasikia kicheko cha bibi, kikubwa, cha mtu aliye kwake. Baba alipokisikia akaanza kucheka na yeye. Walicheka hivyo Jumamosi zote zilizofuata, kila mmoja upande wake.

Madaktari walifika kweli. Walimfanyia bibi upasuaji wa jicho la kulia kwanza, na bandeji ilipotolewa kesho yake alinitazama juu hadi chini. "Kumbe u mwembamba hivi, na maneno yote yale!" Angerudi Issenye Jumapili, na Jumamosi ilikuwa sehemu ya mwisho, harusi yenyewe. Jua lilipoanza kushuka baba akavaa koti. Kuna baiskeli ya mtu kule Turwa, alisema, lazima akaitengeneze.

"Leo, baba? Harusi ni leo!"

"Baiskeli haijui harusi."

Akakohoa uani mara tatu, akaenda zake. Mama akamshika bibi mkono, akamketisha kwenye mkeka sebuleni, mbali na kiti cha baba. Bibi akamwona mzee wa reli kwa mara ya kwanza. "Mbona mfupi?" akauliza, kisha akakaza jicho lake jipya kwenye televisheni mpaka mwisho. Baba aliporudi nilitaka kumsimulia yote, akaninyamazisha kwa mkono. "Usiniharibie, watarudia." Hawakurudia.

Bibi ametangulia mbele ya haki, baada ya miaka mingi ya kuona. Nyumbani kwangu leo kila mtoto ana simu na waya zake masikioni, kila mmoja anacheka peke yake. Silalamiki, chenga hakuna, na antena sizungushi. Ila sijamwona bado anayejinyima kitu anachokipenda ili mwenzake akione.

Mwezi uliopita niliikuta harusi ile kwenye simu, nikampelekea baba. Siku hizi mzee ana mvi tupu, ila masikio yake yanasikia mbuzi akiingia shamba la jirani. Tuliketi sebule ile ile. Chumba cha nyuma sasa kina magunia ya mahindi. Filimbi ikalia.

"Ongeza sauti," akasema.

"Baba, si unasikia?"

"Nasikia." Alikuwa anautazama ukuta. "Wewe ongeza."

Nikaongeza mpaka mwisho.