Nyonga Iliyokataa Kuchuchumaa

Mashangazi watatu wa mchumba wangu walishuka Butembo kutoka Kipese na gunia la viazi, na kabla hawajapumzika mmoja wao alikiondoa kigoda changu jikoni. Walitaka kuniona nikisonga bugali huku nimechuchumaa, nyayo zote mbili chini, kama walivyosonga wao walipokuwa wakiolewa. Kwao mke hujulikana hapo. Elimu, tabia, imani, hayo ni maneno ya wanaume sebuleni.

Nikachuchumaa. Nilifika pale ninapofika siku zote, nyonga ya kulia ikagoma. Visigino viliinuka, nikashika ukuta, mwiko ukaanguka kwenye majivu.

"Uyu, kiuno yake imefungwa," alisema mkubwa wao, akiyaangalia mapaja yangu kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. "Mutu mwenye hapana kuchuchumaa, atazala namna gani?"

Mwenzake akaongeza kwamba labda ni kiburi, maana msichana aliyezoea viti vya mjini hapendi kushuka. Basi nikawa tasa na mwenye kiburi kabla bugali haujaiva. Mchumba wangu alikuwa sebuleni, mlango wazi, na alisikia kila neno. Alikohoa. Nilimpenda sana mtu yule, ndiyo maana kikohozi kile kiliniuma kuliko maneno ya mashangazi zake.

Wakaamua nikakandwe kwao Kipese, kwa mama mmoja anayesifika kwa kufungua viuno. Nisipofunguka, posa isimame. Nilikwenda. Mapenzi hayana macho, na yangu siku hiyo hayakuwa na akili pia. Yule mama alinipaka mawese, akanikalia mgongoni, akauvuta mguu wangu kama anang'oa muhogo. Alivuta huku akimkemea shetani wa utasa, ambaye sijui alikuwa amejificha kwenye paja kwa shughuli gani. Nilirudi Butembo nikichechemea, na nyonga ikiishia palepale.

Ndipo nikapanda gari kwenda Beni kwa mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kiné. Alinilaza, akalikunja goti langu kuelekea kifuani, akauzungusha mguu ndani na nje, akausukuma nyuma. Kisha akachukua mifupa ya plastiki ya nyonga zote mbili iliyokuwa mezani, akanionyesha. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kimekaa ndani ya kikombe. Ukiupeleka mguu nyuma, kano nene ya mbele inakaza na kuuzuia. Ukiuinua mbele ukiwa umenyooka, misuli ya nyuma ya paja inakataa. Ukiukunja hadi mwisho, nyama ya paja inakutana na tumbo, au shingo ya mfupa inagonga ukingo wa kikombe, na hapo hakuna wa kubishana naye.

"Kikombe yako inaingia sana ndani," alisema. "Mufupa inagonga mufupa. Lakini ii haiko bugonjwa, dada. Hata bakuvute na tracteur, itaishia palepale."

Nikamuuliza kuhusu kuzaa. Aliingiza ngumi yake katika tundu kubwa lililo katikati ya ile plastiki.

"Mutoto anapitaka apa. Hapana kupita mu kikombe."

Wanawake watatu, wote wamezaa, wote wana wajukuu, na hakuna aliyewahi kujiuliza mtoto alimtokea wapi. Nilicheka mpaka yule kiné akaniletea maji.

Mashangazi waliporudi kusikia jibu niliwaeleza yote. Mkubwa wao alisema kiné hana mke, kwa hiyo hajui kitu. Nikamgeukia mchumba wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na tumbo lake la ofisini. Nilingojea aseme neno moja tu upande wangu.

"Jikaze mara moja tu, chérie, bakuone," alisema. "Kuchuchumaa ni kitu ya kila mutu."

Nikampa mwiko. "Basi, anza weye."

Alicheka, akapandisha suruali, akashuka. Magoti yalipokunjwa nusu, tumbo na mapaja vilikutana, visigino vikaruka, na bwana akaenda kinyumenyume akakaa ndani ya karai la maganda ya viazi. Mashangazi wawili walimwinua, kila mmoja kwapa lake, wa tatu akampangusa makalio kwa kitenge chake. "Ii haiko kazi ya mwanaume," walisema. Hakuna aliyeuliza kama atazaa.

Nilirudisha kigoda changu, nikakaa, nikasonga bugali, nikawapakulia. Walikula wote, hata yeye. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata yule usiyempenda. Walipoaga, yeye pamoja nao, mimi nilibaki nimekaa. Wao wenyewe walikuwa wamesema nyonga yangu haifai.